Pafu la Rozina

"Mama," Daktari Melubo aliniambia, "huyu ng'ombe hakujui."

Nikamtazama vizuri. Kijana mrefu, Mmaasai mtupu, masikio yametogwa, na kazi yake ni kupasua vifua vya watu. Nikadhani ananitania, maana watu wa ng'ombe na sisi wa migomba hatujaacha kutaniana.

"Hanijui vipi? Ng'ombe ni wangu. Mlinipa hapa hapa hospitali akiwa ndama, mkamvisha mkufu, nikatia dole gumba, nikampeleka nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Nyumbani. Kwa Mama Eliakimu, ng'ambo ya korongo."

Akaweka chini kalamu yake ya mwanga. "Mama Anaeli, tulikwambia ng'ombe akae na wewe. Alale karibu na wewe. Asubuhi na jioni umpumulie puani."

"Mlisema akae nyumbani. Na amekaa nyumbani."

Sasa niwaeleze ninyi msiotoka mlimani, maana hata huyo daktari ilibidi nimweleze na hakuelewa. Kwetu ng'ombe hukaa kwa mtu. Mwenye majani hulea ng'ombe wa asiye na majani. Mlezi hunywa maziwa, hupeleka samadi kwenye kihamba chake cha migomba, na mwenye ng'ombe hubaki kuwa mwenye ng'ombe. Babu yangu alikuwa na ng'ombe kila kitongoji, na kwake hapakuwa hata na kwato. Ukimwuliza ng'ombe wako wako wapi, anakujibu wako nyumbani, na hasemi uongo. Sasa mimi, moyo mbovu, ngazi mbili tu nahema kama mvukuto, ningekata majani kwa mkono gani? Nikampeleka kwa mwenzangu.

"Mimi nimekulia zizini," daktari akasema, sauti imemshuka. "Ng'ombe hawezi kulala kwa mtu mwingine muda wote huo akabaki wako."

"Kwenu. Kwetu hubaki."

"Mama, mkufu unaonyesha kwamba pafu lake limejifunza pumzi ya Mama Eliakimu. Kaba iliyomo ni ya Mama Eliakimu. Wewe haikutambui kabisa."



Kaba ndiyo dawa yenyewe. Wakikufungua kifua, moyo husimamishwa, damu ikazungushwa na mashine pembeni kama maji ya mfereji. Damu ikishapita kwenye mipira ya ile mashine hupotewa na akili. Inasahau kuganda, inatoka kwenye kila tundu la sindano. Zamani dawa za kuizuia zilikuwepo, za chupani tu, unachomwa yanakwisha. Lakini sisi wa miaka ya mafuriko tulichanjwa chanjo ya homa ya mabwawa. Chanjo ilituokoa, ikatuachia damu nyepesi kama chai ya msibani, na zile dawa za zamani zikawa zinapita tu ndani yetu bila kubisha hodi. Ndipo wataalamu wakabuni kaba. Ndama hupandikizwa mbegu ya kaba, akavuta pumzi ya mgonjwa mpaka akue, pafu lake likamsoma mgonjwa kama dua, likatengeneza punje za dawa za mtu yule mmoja. Kaba ina bwana mmoja. Damu ya bwana ikishtuka, kaba inabana matundu. Damu ikitulia, kaba inaachia. Ndiyo maana mgonjwa akiwa amelala mezani huchomwa sindano ya kuishtua damu yake.

"Basi nipeni ndama mwingine," nikasema.

"Mlango wa moyo wako hautamsubiri ndama akue."

Alisema vile bila kupepesa, na nikampenda kidogo kwa hilo.

"Kwa hiyo nife?"

"Iko njia. Sijawahi kuifanya." Akachora mezani kwa kidole: vitanda viwili, mpira katikati. "Mama Eliakimu alale pembeni yako. Damu zenu ni kundi moja, mkufu ulishanijulisha. Wakati wa kupasua zizunguke pamoja. Kaba itaisikia damu ya bwana wake, itafanya kazi mwilini mwako."

"Na yeye atapatwa na nini?"

"Wengi hawapatwi na neno. Lakini kaba kwa mtu mzima wa afya inaweza kugandisha damu pasipotakiwa. Mkono ukafa. Mdomo ukaenda upande."

"Mdomo wa Mama Eliakimu ukienda upande, kijiji kitapumzika."

Hakucheka. "Na lazima akubali kwa hiari yake. Nitamwuliza mwenyewe, peke yake. Nikiona amesukumwa, hata kidogo, sifanyi."

*

Nilipofika nyumbani, mkufu ulikuwa umeshaharibu mambo.

Ule mkufu wa hospitali una sauti ya mwanamke wa mjini, laini kama msoma taarifa ya habari. Ulivyoona siku imekaribia, ukatangaza zizini kwa Mama Eliakimu, mbele ya jirani waliokuja kuomba samadi: "Ng'ombe huyu amekomaa kwa mavuno ya pafu. Tafadhali asilishwe kabla ya kuchinjwa. Asante kwa malezi yako."

Mama Eliakimu hakuwa anajua. Mimi nilimwambia "ng'ombe wa dawa," na yeye akaelewa ni ng'ombe wa kukamuliwa dawa. Kumbe katika kule kulea alikuwa amempa jina. Dawa haipewi jina! Lakini yeye akamwita Rozina, akamchana manyoya, akawa anaongea naye kila asubuhi uso kwa uso, habari za kijiji zote, ndiyo maana pafu likashiba pumzi yake. Sasa habari zikanifikia kwamba amepigilia mbao mlango wa zizi, amekaa mbele yake na mundu.

Mwanangu Anaeli akatokea ukutani kutoka Dodoma, uso mkubwa kama sinia.

"Mama, mbona unahangaika? Kata isale uende."

Isale ni lile jani refu la kijani linalopandwa mipakani. Kwetu ukimkosea mtu, ukamwendea na isale mkononi, hakunyimi msamaha, na akishakusamehe hawezi kukunyima ulichofuata. Watu wamesamehe damu ya ndugu zao kwa jani lile. Anayelikataa, wazee humtemea mate, na akifa watu huja msibani kwa kuchelewa.

"Daktari amesema hiari," nikamwambia.

"Akipokea isale atasema ndiyo. Daktari ataandika ndiyo. Kuna shida gani?"

"Shida ni kwamba isale si ombi, Anaeli. Ni amri iliyovaa kilemba cha upole."

"Mama, nakuomba. Nakutaka uwe hai."

Yule mtoto ana macho ya baba yake. Nikazima ukuta nisije nikalia mbele yake, nikatoka kwenye mpaka, nikakata isale zuri, limenyooka, halina doa.

*

Siku hizi korongo tunalivuka kwa kapu la kamba. Unakaa, linakufunga mkanda lenyewe, linakuhoji kama mama mkwe.

"Abiria, umebeba nini?" kapu likaniuliza.

"Jani."

"Jani si mzigo wa hatari."

"Wewe hujui unachosema."

Tukaning'inia hewani, chini mto umekonda, juu mlima wetu kichwa wazi tangu ulipovuliwa kofia yake nyeupe. Nikalitazama lile jani. Nikamwona Mama Eliakimu akilipokea kwa mikono miwili, maana hana namna. Nikamwona amelala kitandani pembeni yangu, mdomo umeenda upande, nami nimepona, nakula ndizi. Na kila nikimtazama nisijue kama alitaka.

Halafu nikajiona nimekufa. Hiyo nayo haikunipendeza hata kidogo.

Nikalitupa korongoni haraka kabla sijajishauri.

"Ni marufuku kutupa taka," kapu likasema. "Umepewa onyo."

"Nipe mawili," nikalijibu. "Nimestahili."

*

Mama Eliakimu alikuwa vilevile walivyosema, amekaa kigodani mbele ya zizi, mundu magotini. Pembeni yake palikuwa na ndoo ya pumba, na kutoka ndani ya pumba ile sauti laini ya mjini ilikuwa ikisema, kwa kukabwa, "...tafadhali asilishwe..."

"Shimbonyi, Mama Eliakimu."

Hakuitikia. Kwetu mtu asiyeitikia salamu yako amekwisha kukuzika, bado kukuchimbia.

"Nimekuja," nikasema.

"Nakuona. Sijawa kipofu. Ulisema ng'ombe wa dawa."

"Ndiyo, ni wa dawa."

"Mimi nikajua watamkamua! Nikawa nampa majani ya juu juu, laini, eti dawa itoke nzuri. Kumbe namnenepesha kisu!"

"Ng'ombe gani asiyechinjwa, mwenzangu?"

"Rozina."

Nyuma ya mbao yule mtamba akasikia jina lake, akalia. Mama Eliakimu akamjibu, "Nyamaza, mama, naongea na mwizi."

Nikakaa chini kwenye nyasi, maana pumzi ilikuwa imekwisha. Nikamweleza yote: pafu, kaba, pumzi yake, vitanda viwili. Nikamweleza na habari ya mkono kufa na mdomo kwenda upande, sikupunguza. Nilipofika kwenye mdomo akasema, "Hilo utalifurahia," nikasema, "Daktari nilishamwambia," na karibu acheke. Akajizuia kwa nguvu, mashavu yakamtetemeka.

Akaitazama mikono yangu.

"Isale lako liko wapi?"

"Sina."

"Umezeeka mpaka umesahau mila?"

"Nilikuwa nalo. Nimelitupa korongoni, kapu likanitukana."

"Kwa nini?"

"Ili uweze kunikatalia."

Kuku wakapita. Mkufu ukasema ndani ya pumba, "Asante kwa malezi yako."

"Naweza kukataa kweli?" akauliza.

"Unaweza."

"Na hunisemi kanisani?"

"Nitakusema, lakini kwa mengine."

Akajinyoosha pale kigodani, akavuta pumzi, akakaa kama anayetaka kupigwa picha. "Basi nakataa."

"Unasemaje?"

"Nakataa. Umesikia? Na-ka-taa. Tangu kipaimara sijawahi kukunyima kitu, wewe mwanamke. Kitambaa changu cha kichwa ulikivaa mpaka kikachakaa. Chungu changu cha pombe ya mbege ulikivunja ukanirudishia mfuniko. Yule mwalimu wa kwaya nilikuachia na nilikuwa nimeshamshonea fulana! Leo nimepata nafasi. Nakataa, nenda nyumbani kwako."

Nilidhani anatania. Nikangoja. Akachukua mundu, akaanza kukata majani ya Rozina, na hakugeuka tena.

Kurudi, kapu likanifunga mkanda, likatulia, kisha likasema, "Abiria, moyo wako unakwenda vibaya. Niite msaada?"

"Usihangaike," nikaliambia. "Msaada umekataa."

Nami nawaambia kweli, niliogopa. Yale yote ya kutupa jani yalikuwa mazuri hewani. Mezani kwangu, mbele ya chai inayopoa, nilikuwa bibi mmoja mjinga aliyejinyonga kwa adabu. Anaeli alinisema ukutani mpaka nikamgeuzia mgongo.

*

Ikapita Jumapili. Daktari Melubo akaniita niende mjini upesi, na nguo ya kulalia.

Nilipotokea kwenye korido ya hospitali nikasikia harufu ya zizi. Kule mwisho, kati ya mashine ya kupima macho na sanamu ya figo, alisimama Rozina amefungwa kitenge shingoni, na Mama Eliakimu amemshika kamba. Walikuwa wameteremka mlima mzima kwa miguu. Gari la hospitali alilikataa, alisema Rozina si mzigo.

"Si ulikataa?" nikamwuliza.

"Nilikukatalia wewe," akasema. "Daktari sijamkatalia. Yeye amenikaribisha kiti."

Daktari akatoka mlangoni, amekunja mikono kifuani. "Nimemwuliza peke yake," akaniambia. "Nimemwuliza kama kuna aliyemsukuma."

"Nikamwambia nisukumwe na nani?" Mama Eliakimu akadakia. "Huyu alikuja mikono mitupu, hata ndizi hakuleta!"

"Kwa nini basi?" nikauliza.

Akalifungua fundo la kitenge cha Rozina, akalifunga upya bila sababu. "Lile neno la kukataa lilikuwa tamu, Mama Anaeli. Nililala nalo usiku ule kama bibi harusi. Asubuhi nikalionja tena, limepoa. Jioni nikamweleza Rozina kwamba umekufa, nijaribu tu linavyosikika." Akampapasa Rozina shingo. "Halikusikika vizuri. Sasa usiniulize tena, nisije nikabadili mawazo, na ninaweza. Daktari amesema ninaweza mpaka dakika ya kufunga mpira."

Rozina alipelekwa nyuma, kwenye jani. Wangeweza kutumia mashine, lakini daktari alikataa, akavua koti lake jeupe, akaenda mwenyewe na kisu. Mama Eliakimu akashika kichwa, akaongea naye mpaka mwisho, habari za kijiji zote. Mimi niliambiwa nisisogee, kwa ajili ya moyo. Niliona mgongo wa Mama Eliakimu tu. Utani wote ulinitoka.

*

Yaliyofuata nilisimuliwa na Nesi Ndimyake, maana mimi nilikuwa nimelala kama gogo na kifua kimefunguliwa kama kabati.

Mpira ukafungwa, damu zetu zikakutana, kaba ikatiwa. Daktari akatengeneza mlango wa moyo wangu vizuri kabisa. Alipofika kwenye kushona, damu ikaanza kutoka. Si kwa kishindo, alisema nesi, bali kila mahali, kama jasho. Kaba ilikuwemo, tena nyingi, na haikubana hata tundu moja.

"Bwana wake anafanya nini?" daktari akauliza.

Wakamtazama Mama Eliakimu. Ile sindano ya kushtua haichomwi mtu mwenye moyo mzima, ingemdhuru, kwa hiyo walimwacha macho, wakitegemea hofu yenyewe imshtue. Lakini mwanamke alikuwa amelia, ameteremka mlima kwa miguu, amelazwa kwenye godoro laini. Alikuwa anakoroma.

Wakamwita. Wakampiga makofi mkononi. Akafungua jicho moja, akasema, "Abeeh," akalifunga. Damu yake tulivu kama mtindi. Na kaba nayo, mtumishi mwaminifu, ikawa imepumzika.

"Shinikizo la mgonjwa linashuka," nesi akasema.

Daktari Melubo, mikono yake ndani ya kifua changu, akainamisha kichwa karibu na sikio la Mama Eliakimu. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeulizia bei:

"Mama, nisamehe, lakini nimeona ng'ombe maisha yangu yote. Yule wenu wa kufungiwa ndani na kulishwa migomba hakuwa ng'ombe. Alikuwa kuku mwenye pembe."

Nesi Ndimyake anasema macho yalifunguka yote mawili.

"Umesema nini?"

"Kuku. Mwenye pembe."

"WEWE! Mtoto wa kuchunga jua! Rozina? Rozina alikuwa na mbavu kama kinanda cha kanisani! Ninyi ng'ombe wenu wakisimama upande tunaona ng'ambo! Mnawatembeza nchi nzima mkitafuta jani moja, halafu mnapigana nalo! Nifungue huu mpira! Nifungue nikuonyeshe!"

"Inabana," nesi akasema.

"Endelea, Mama," daktari akasema, anashona mbio mbio. "Na kwato zake niliziona. Zilikuwa laini kama za kondoo."

Sitaandika yaliyojibiwa kuhusu kwato, kitabu hiki kinaweza kusomwa na wachungaji. Inatosha kusema kwamba damu yangu ilisimama yote, kwa mara moja, kama watu waliosikia neno mchango.

*

Niliamka mchana, jua limeingia mpaka katikati ya wodi. Kifua kilikuwa kizito, lakini kilichokuwa ndani yake kilikuwa kinapiga sawasawa, tu, tu, tu, kama mtu anayetwanga bila haraka. Kwenye kitanda cha pili alilala Mama Eliakimu. Nilichungulia kwanza mdomo. Ulikuwa katikati.

"Usinitazame mdomo," akasema.

"Nilikuwa naangalia dirisha."

Daktari akapita, akatupima sote wawili. Akamwomba Mama Eliakimu radhi kwa maneno yake ya mezani, akasema alikuwa hajaona mtamba mzuri kama yule tangu atoke kwa baba yake. Mama Eliakimu akamwambia hayo angeyasema mapema asingetukanwa. Kisha daktari akatuonya. Punje za kaba zilizobaki ndani yetu zimeshaamka, alisema, na mpaka ziyeyuke zitakuwa zinanong'onezana kutoka kitanda hadi kitanda, kama siafu. Yeye asiudhiwe ovyo, mimi nisishangae nikijisikia vibaya bila sababu.

"Kwa hiyo nikikasirika anabanwa?" Mama Eliakimu akauliza, uso umeng'aa.

"Kidogo."

"Ahsante, daktari. Nimefurahi kujua."

Akageukia ukuta, akajifunika shuka mpaka juu. Wodi ikatulia. Mahali fulani chini uani mtu alikuwa anafagia.

Nikakaa nikitazama dari, nikitunga la kumchokoza. Nilikuwa nimeshalipata, zuri, la yule mwalimu wa kwaya. Kabla sijafungua mdomo nikasikia kitu kifuani. Hakikuwa maumivu. Kilikuwa ni kubanwa, polepole, kama mkono wa mtu anayeshika nguo yako gizani asipotee. Ukaachia. Ukabana tena.

Nikamtazama. Shuka halikutikisika. Hapakuwa na sauti yoyote. Lakini nilijua, na nilijua ni nani aliyekuwa anamweleza habari za kijiji, na kwamba safari hii hakuna pua ya kuzipokea.

Lile la mwalimu wa kwaya nikalimeza.

Nikanyoosha mkono mpaka ukingoni mwa kitanda chake, pale mipira iliponiruhusu kufika.

"Lia taratibu, Mama Eliakimu," nikamwambia. "Unanibana."